Uzi wa Sabini na Nne

Baraza la Wazee la Usharika wa Lehtiluoma, likiwa limeketi kihalali na akidi ikiwa imetimia, liliazimia na kutangaza yafuatayo: kwamba Ibada ya Metali, yaani ya muziki mzito wa magitaa, itafanyika Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, kwamba hiyo ni ibada, si tamasha, kwamba ni jaribio la mara moja tu, na kwamba haitaathiri kwa namna yoyote ile ibada za kawaida za usharika. Tangazo lilibandikwa kwenye ubao mlangoni mwa kanisa, kati ya ratiba ya kukata nyasi makaburini na picha ya glovu ya mkono wa kushoto iliyookotwa tangu Februari. Watu walilisoma mikono ikiwa nyuma, wakaenda zao. Kwetu hizo ni shangwe.

Wapigaji walikuwa Turvesuo, yaani kwa Kifini kinamasi cha mboji. Bendi ilipewa jina hilo kwa sababu siku ya kutafuta jina ndicho kilichoonekana dirishani. Walikuwa wanne, wote wamevuka hamsini, na gitaa la kwanza lilikuwa la Ilpo Rintaluoma, ambaye ndiye habari yetu.

Ilpo ni fundi wa mashine za kukamulia maziwa. Gari lake huzunguka mashamba yote ya wilaya, na ng'ombe wanakijua kikohozi cha injini yake kabla hajakata kona. Kwa mwaka huzungumza na ng'ombe zaidi kuliko anavyozungumza na binadamu, na ng'ombe hawajawahi kulalamika. Ana mikono mipana, ndevu zinazoanza kuwa nyeupe kuanzia katikati kama moto uliokosa kuni, na fulana nyeusi ambazo maandishi yake hayasomeki hata kwa waliozichapa. Ni mtu mpole. Muziki anaoupiga ni wa kuzimu ikiporomoka, lakini akimaliza hukunja nyaya vizuri na kufagia.

Mama yake, Saimi, mwenye miaka themanini na sita, anakaa katika kijumba cha pili kwenye ua huohuo. Bendi hufanyia mazoezi kwenye ghala la viazi, ukuta mmoja tu kutoka kwenye miche yake ya nyanya. Kwa miaka yote hiyo hajawahi kuja kumsikiliza mwanawe.

"Mama, njoo siku moja utusikie," Ilpo alimwambia zamani.

"Nasikia nikiwa hapahapa."

"Na unaonaje?"

"Nasikia."

Mazungumzo yakaishia hapo, kwa miaka kumi na kitu.

Kanisani, hata hivyo, Saimi hakosi. Hukaa safu ya tatu upande wa kushoto, fimbo ikiwa imeegemea goti, na ana desturi moja ambayo wachungaji hupewa taarifa zake siku wanapohamia: wimbo ukimchukiza, huinuka na kutoka, polepole, kwa njia ya katikati, fimbo ikigonga sakafu. Ameshatoka katikati ya harusi mbili, na mara moja katikati ya askofu. Kwa hiyo Ilpo aliposikia kwamba bendi yake itapiga kanisani alipata hesabu rahisi: mama hatakuja kwenye muziki, lakini muziki unaweza kwenda alipo mama. Alitaka jambo moja tu, nalo ni kwamba mama yake akae mpaka wimbo wa kufunga uishe. Hakumwambia mtu. Usharika mzima ulijua.

Taabu ilianza kwenye kikao cha kwanza. Mpiga kinanda wa kanisa, Outi Pajunen, alizaliwa mjini na amekaa kwetu miaka kumi tu, hivyo bado ni mgeni. Aliwaita wanne hao kwenye chumba cha kwaya, akawaambia, "Ule wimbo wa kufunga, bibi zetu hawaufikii juu mnakoupigia ninyi. Itabidi mshushe magitaa. Mtaweza?"

Wote wanne waliitikia kwa kichwa.

"Basi tumeelewana," akasema Outi, naye akaamini.

Hakuna aliyeuliza washuke mpaka wapi. Kwetu, kumuuliza mtu swali baada ya kumaliza kusema ni sawa na kumwambia hakusema vizuri, na watu wa tambarare hizi hawatukanani bila sababu kubwa, kama mpaka wa shamba. Kila mmoja alirudi kwake na sakafu yake kichwani. Ilpo, ambaye kama wenzake siku zote hutyuni kwenye C, yaani hukaza uzi wa chini mpaka noti ya C, alishuka mpaka A, kwa kuwa alifikiri ukishuka, shuka. Heimo Ala-Honkola, gitaa la pili, muuza matrekta, mtu wa tumbo na maneno, alishuka mpaka B, kwa kuwa alifikiri hatua moja ni hatua. Raimo wa besi, dereva wa lori la maziwa, hakushuka kabisa. Hakuna aliyemtaja yeye kwa jina.

Sasa, uzi wa gitaa una tabia moja ambayo hata kijana wa kwaya huijua. Ukitaka sauti ya chini unaulegeza, na ukiulegeza mno unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo iliyobeba mablanketi. Haulii, unayumba tu. Dawa yake ni kuweka uzi mnene zaidi, ambao hukubali kuwa chini huku umekazwa. Lakini dawa ikizidi huwa sumu: uzi mnene mno hauimbi, hukoroma kama mjomba baada ya chakula. Sanaa yote iko hapo katikati. Ufini ni nchi inayopima kila kitu kwa mita na kilo, huzuni ikiwemo, lakini nyuzi za gitaa zinapimwa kwa elfu za inchi, inchi ya Wamarekani, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, kwa sababu ile niliyokwisha kueleza.

Uzi mnene wa Ilpo ulikuwa hamsini na sita. Kwenye A ulilegea kiasi kwamba aliupiga Jumanne akahisi unajibu Jumatano. Akanunua sitini na nane. Nyumbani, peke yake, akapiga mara moja na nywele za mikono zikasimama. Ulikuwa uzi uleule hasa aliouhitaji. Habari ingeweza kuishia hapo, kama asingekwenda mazoezini.

Ghalani, Turvesuo walipiga wimbo wa kufunga kuanzia mwanzo hadi mwisho, mmoja kwenye A, mmoja kwenye B, mmoja kwenye C, wote kwa nguvu, wote kupitia visanduku vile vya mguuni vinavyofanya gitaa lingurume. Viazi vilivyobaki pembeni viliota usiku ule, ingawa huenda ni majira tu.

Walipomaliza, wakazima visanduku vyao.

"Imekuwa nzito," akasema Heimo.

"Nzito," akakubali Ilpo.

"Nimewahi kuzika watu kwa sauti nzuri kuliko hii," akasema Kalervo, mpiga ngoma, ambaye ni mtunza kanisa na mchimba makaburi.

"Nyuzi," akasema Heimo.

"Nyuzi," akasema Ilpo.

Kila mmoja aliyasema hayo akitazama gitaa la mwenzake huku akilishuku lake. Na hapo ndipo akili za wanaume wawili wazima ziliposhika njia moja ambayo hazikuiacha kwa wiki kadhaa: ikiwa muziki haukai sawa, basi nyuzi ni nyembamba. Ilpo akapanda hadi sabini. Heimo, aliyekuwa ameanzia sitini na mbili, alipouona huo sabini alikohoa, na juma lililofuata alikuja na sitini na sita. Ilpo akaweka sabini na nne. Heimo akaweka sabini na mbili. Sisi watu wa Pohjanmaa ya Kusini, jimbo letu la tambarare, tunasingiziwa majivuno. Si kweli; ni kwamba tu vitu vyetu ni vikubwa zaidi.

"Ilpo, huo ni uzi au bomba la maji?"

"Na wako ni wa kumfungia dume?"

"Dume hawezi kuukata huu!"

"Hawezi kuupiga pia. Kama wewe."

Uzi wa sabini na nne haukuingia kwenye tundu la kigingi cha kukazia. Ilpo akalitoboa tundu kwa keekee ya kazini. Haukukaa kwenye mfereji wa kile kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi kichwani mwa shingo. Akauchimba mfereji kwa tupa mpaka uzi ukakaa humo kama nguruwe kwenye tope. Kwa Heimo mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana kwenye B nyuzi zake nene zilivuta kwa nguvu mpaka shingo ya gitaa ikapinda kama upinde wa kuwindia. Alisema ameagiza iwe hivyo.

Outi alikuja kusikiliza mara moja. Alisimama mlangoni pa ghala mpaka mwisho, akafikiri, akasema, "Inavutia."

Katika lugha yetu hakuna hukumu iliyo chini ya hiyo.

Siku ile Saimi aliwaita wote kwake kunywa kahawa. Aliandaa mkate mtamu wa iliki, vikombe vya maua, na maziwa kwenye jagi dogo. Wanaume wanne walisimama mlangoni wakitazama vidole vya soksi zao. Kwetu mtu hawezi kuwa wa kwanza kwenda kwenye meza ya kahawa. Anayetangulia anajionyesha kuwa amekuja kwa ajili ya chakula, na ukoo wake hukumbukwa kwa hilo.

"Haya, mezani," akasema Saimi.

"Tuko sawa hapa," akasema Heimo.

"Kahawa inapoa."

"Raimo, tangulia wewe," akasema Kalervo.

"Kwani mimi ni nani?" akasema Raimo.

"Mezani!" akasema Saimi kwa mara ya tatu, na fimbo ikagonga, na wakaenda wote kwa pamoja, ubavu kwa ubavu, wakakwama kidogo kwenye mlango wa jikoni.

Wakanywa. Saa ya ukutani ikasema yake. Ingetosha mtu mmoja tu kuuliza, "Jamani, nyinyi mko kwenye noti gani?" na yote yangekwisha kabla ya kikombe cha pili. Lakini kuuliza ni kutangulia.

"Jumapili mtapiga hivyohivyo?" akauliza Saimi.

"Karibu na hivyo," akasema Ilpo.

"Ahaa," akasema mama yake. Akaisogeza fimbo karibu na goti.

Ilpo hakulala vizuri. Asubuhi akaamua kwamba lililobaki ni themanini. Hakuna gitaa la kawaida linalovaa uzi wa themanini, ni kama kumvalisha mbuzi buti za jeshi, lakini alikuwa ameiona ile fimbo. Akapiga simu kwa mwenye ng'ombe wa asubuhi akasema atachelewa, akaendesha hadi mjini Seinäjoki, kwenye duka la ala za muziki, akaegesha nyuma, na akaingia akiwa ameshusha kofia.

Mbele ya ukuta wa nyuzi alisimama Heimo.

Walitazamana kama watu wawili wa usharika mmoja waliokutana kwenye duka la pombe.

"Natafuta... kamba ya begi," akasema Heimo.

"Mimi betri," akasema Ilpo.

"Betri ziko kule."

"Naona. Na kamba za begi ziko kule."

Hakuna aliyesogea. Nyuma ya kaunta alikuwa binti mmoja mwenye kucha nyeusi na jina la Viivi kifuani, ambaye ameuza nyuzi kwa wanaume wa namna hii tangu alipomaliza shule na hana tena la kumshangaza. Akawauliza lile ambalo muuza nyuzi yeyote duniani huuliza kabla ya yote.

"Mnatyuni kwenye nini?"

"A," akasema Ilpo.

"B," akasema Heimo.

Waliyasema kwa pamoja. Kisha wakageuziana macho.

"Bendi moja?" akauliza Viivi.

"Bendi moja," akasema Ilpo.

"Ninyi ni wa muziki wa majaribio?"

"Sisi ni wa kanisani," akasema Heimo.

Ilpo akatoa simu, akampigia Raimo. Raimo alikuwa barabarani na lori.

"Raimo, besi yako iko kwenye nini?"

"C."

"Mbona hukushuka?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Na hukusikia kwamba sisi tuko chini?"

"Nilisikia. Nilidhani mna sababu."

Wakampigia Outi. Simu iliwekwa kaunta, sauti wazi, na watu wawili waliokuwa wakijaribu magitaa wakaacha kujaribu.

"A," akasema Outi. "Kwenye B bibi wanakohoa. A wanaimba. Nilidhani mngeuliza."

"Mbona hukusema?" akafoka Heimo.

"Mbona hamkuuliza?"

Pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Viivi alishatoa pakiti mbili ukutani, zilizofanana. "Kwa A, na magitaa yenye shingo ya urefu wa kawaida, sitini na nane inawatosha. Wote wawili."

"Mimi nina sabini na nne," akasema Ilpo.

"Ya nini?"

Mtu hawezi kumweleza mgeni mambo ya safu ya tatu kushoto. Ilpo akachukua pakiti moja.

"Ilpo anakonda!" Heimo akashangilia, duka zima likisikia. "Ndugu zangu, njooni mwone, Rintaluoma anarudi kwenye nyuzi za watoto!"

"Na wewe unachukua hizohizo."

Heimo akazitazama pakiti. Zilikuwa sawa kabisa, rangi moja, namba moja. Furaha ikamtoka kidogokidogo kama upepo kwenye tairi.

"Zifunge kwenye mfuko wa karatasi," Ilpo akamwambia Viivi.

"Zimeshafungwa kiwandani."

"Zifunge tena."

Nyumbani jambo jipya lilimngoja. Ule mfereji alioupanua kwa tupa kwa ajili ya sabini na nne sasa ulikuwa mpana kwa sitini na nane. Uzi ulicheza ndani yake na kulia kama nyuki ndani ya kopo. Mfupa mpya ungefika kwa posta juma lijalo, na ibada ilikuwa kesho. Mafundi wa magitaa wana hila ya zamani: jaza mfereji soda ya kuokea, dondoshea supagluu, subiri igande kama jiwe, chonga upya. Supagluu alikuwa nayo. Akavuka ua.

"Mama, una soda ya kuokea?"

Saimi alikuwa akimenya viazi. "Unaoka?"

"Natengeneza gitaa."

"Kwa soda?"

"Ndiyo."

"Chukua na iliki basi."

Ilpo akachukua kijiko kimoja cha soda kwenye kikombe, akasimama pale, hakuondoka. Maganda ya viazi yaliendelea kuanguka kwenye beseni.

"Kesho utakuja?"

"Mimi Jumapili gani sikuenda kanisani?"

"Maana yangu, utakaa mpaka mwisho?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Kama una mwisho," akasema Saimi. "Huo wimbo wenu. Ukiwa hapa hausikiki unaishia wapi."

Ilpo akarudi ghalani akachonga mfereji kwa tupa ndogo kabisa, ile ya kusafishia chuchu za mashine ya kukamulia, akipuliza vumbi jeupe, akiweka uzi, akiutoa, akiuweka. Kazi ile ilimchukua jioni nzima, ingawa kwetu mwezi wa Juni jioni haina pa kuishia, na mtu hawezi kuilaumu.

Kanisa lilijaa. Walikuja watu wa nywele ndefu kutoka wilaya tatu, wakakaa nyuma kabisa kwa adabu wakiwa wamekunja mikono mapajani, na wazee wa baraza wakagawa vizibo vya masikio mlangoni kwa unyenyekevu, kama watu wanaogawa kitu kitakatifu. Saimi alikataa vyake. Alisema masikio yake yameshajiziba ya kutosha. Akakaa safu ya tatu, kushoto, akaegemeza fimbo.

Turvesuo walikuwa chini ya mimbari, wote kwenye A, Raimo pia, maana safari hii aliambiwa kwa jina, mara mbili. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Watu wa nyuma wakatikisa vichwa kwa heshima. Lakini aliyemjua Heimo aliona hatari mapema. Nyuzi zake zilikuwa sawa na za Ilpo, hapakuwa tena na namba ya kumzidi. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kitasa cha kuongezea sauti kwenye amplifaya, lile kasha la kukuza sauti ya gitaa, na kila baada ya wimbo alikigusa kidogo, kwenda kulia, kama mtu anayerekebisha tai.

Ulipofika wimbo wa kufunga, gitaa la Heimo lilijaa kanisani kama trekta ndani ya choo. Outi alibonyeza kinanda, hakikusikika. Bibi wa safu za mbele walifungua midomo, midomo ikaonekana, sauti hapana. Ilpo aliupiga ule uzi wake wa chini, uliochongewa mfereji kwa soda na subira, na hata yeye mwenyewe aliuhisi tumboni tu, hakuusikia.

Ubeti wa pili, Saimi akainuka.

Hakuna aliyegeuka. Kwetu hatugeuki, tunatazama mbele na kuona yote. Outi alimwona kwenye kile kioo kidogo juu ya kinanda. Kalervo alimwona, akapiga ngoma kwa wasiwasi kama anayemkimbiza mtu aliye polepole. Ilpo alimwona akiishika fimbo, akiingia njia ya katikati, na akaendelea kupiga kwa sababu mikono haikujua la kufanya lingine. Akatazama vidole vyake. Alingoja fimbo igonge kuelekea mlangoni, ingawa katika kelele ile fimbo isingesikika hata ikigonga kichwani.

Saimi hakuelekea mlangoni. Alikuja mbele. Akapita pembeni ya meza ya ubatizo, akampita Raimo aliyempisha, akasimama mbele ya amplifaya ya Heimo. Akaitazama kama mtu anavyotazama jiko la mtu mwingine. Ilikuwa na vitasa vingi. Akachagua kilicho kikubwa, akakizungusha kushoto mpaka kikagoma, akageuka, akarudi safu ya tatu, akaketi, fimbo kwenye goti.

Heimo angeweza kuirudisha. Alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. Lakini ni nani atapandisha sauti iliyoshushwa na mjane wa miaka themanini na sita, ndani ya kanisa, mbele ya wateja wake wa matrekta? Aliendelea kupiga mpaka mwisho, kwa bidii, jasho likimtoka, bila kusikika hata kidogo. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepiga vizuri sana.

Kwa hiyo ubeti wa tatu na wa nne gitaa lilikuwa moja. Uzi wa sitini na nane ulilia chini kabisa, wazi, haukulegea na haukukoroma, kila noti na mwanzo wake na mwisho wake, na bibi wa safu za mbele wakaupata, wakaingia juu yake kama watu wanaopanda daraja wanalolijua. Hakuna aliyekohoa. Wimbo ukaisha, na ulisikika ulipoishia. Saimi alikuwa amekaa.

Kwenye kahawa ya uani mwa kanisa, baada ya kusimama kwa muda wa kutosha bila mtu kuitazama meza, Heimo alimsogelea Ilpo.

"Mama yako amenizima."

"Labda alidhani ni jiko."

"Hakudhani ni jiko, Ilpo!"

"Nikamuulize?"

"Usimuulize," akasema Heimo haraka. "Wewe, usimuulize!"

Njiani kurudi nyumbani, ndani ya gari la kazi, mipira ya mashine ikiwa inanuka nyuma, Ilpo aliendesha mpaka karibu na njia panda ya kinu ndipo akasema, "Mama."

"Mm."

"Ulikaa mpaka mwisho."

"Miguu inaniuma."

"Ulisimama lakini."

"Ndiyo maana inaniuma."

Wakafika. Ilpo akazunguka kumfungulia mlango, akamshika kiwiko mpaka kizingitini pake, na Saimi akaingia. Yapata juma moja na nusu baadaye Ilpo alikutana na Outi kwenye duka la ushirika, mbele ya jibini, naye ndiye aliyemweleza, kwa kuwa ni mgeni na husema mambo. Kuhusu Ibada ya Metali baraza halikupokea lalamiko lolote. Ofisi ya usharika ilipigiwa simu mara moja tu, Jumatatu iliyofuata ibada ya kawaida, na mama mmoja wa safu ya tatu kushoto, kulalamika kwamba sauti ya kinanda imekuwa nyembamba.